Kijumba chenye kufuli chaweza kuwa dawa kwa asiye na makao

DAKTARI anapokuandikia dawa huwa hakuulizi kama una nyumba. Hukuambia umeze vidonge mara 3 kwa siku baada ya chakula, uoshe kidonda kwa maji safi, uhifadhi insulini mahali penye baridi, kisha uende nyumbani ukapumzike. Wewe huitikia, ukachukua karatasi yako na kushika njia. Lakini maagizo hayo yote yana maana iwapo tu kuna mlango unaokusubiri, na nyuma ya mlango huo kuna maji, chakula, pembe ya kuwekea dawa na mahali pa kunyoosha mgongo.

Hebu jaribu kuyafuata ukiwa unalala chini ya daraja. Vidonge ulivyopewa asubuhi huibwa usiku ukisinzia, au hulowa mvua na kugeuka unga. Kidonda ulichosafishiwa zahanati huguswa na vumbi kabla hujafika kona ya pili. Kupumzika nako ni ndoto, kwa kuwa yeyote anayelala nje hulala jicho moja wazi akihofia mwizi, mlevi, askari na mbwa. Mtu akikosa usingizi mwezi baada ya mwezi, shinikizo la damu hupanda, sukari huwa vigumu kudhibitiwa, na akili iliyokuwa timamu huanza kuyumba. Halafu sisi tupitao na magari tunasema, "Tazama, yule ni mwendawazimu, ndiyo maana analala barabarani." Mara nyingi mambo yalianza kinyume cha hivyo.

Madaktari wanaowahudumia watu wa aina hii husimulia pia habari za miguu. Aliyevaa kiatu kilicholowa siku tano mfululizo, bila pa kukivulia wala soksi ya kubadilisha, huanza kuoza ngozi ya wayo. Akiwa na kisukari, kidonda kidogo cha kidole chaweza kumalizikia kwa kukatwa mguu. Katika nchi za theluji huongezeka baridi inayoua vidole kabisa. Usidhani haya ni mambo ya nchi maskini pekee. Marekani, nchi yenye mali nyingi kuliko zote duniani, ilipohesabu watu wasio na makao katika usiku mmoja wa Januari 2024 ilipata 771,480. Idadi hiyo ilikuwa imepanda kwa asilimia 18 katika mwaka mmoja tu.

Na maradhi ya wasio na makao hayabaki kwao. Kati ya mwishoni mwa 2016 na 2018, eneo la San Diego, jimbo la California, lilikumbwa na mkurupuko wa homa ya ini aina ya A. Watu 592 waliugua na 20 wakafariki, wengi wao wakiwa wasio na makao au watumiaji wa dawa za kulevya. Ugonjwa huo huenezwa na kinyesi kupitia mikono na chakula, nao ulisambaa kwa sababu iliyo wazi hata kwa mtoto wa shule: watu walikosa choo na mahali pa kunawa. Jiji hilo tajiri likalazimika kuweka mabeseni ya kunawia mikono barabarani na kuosha njia za waendao kwa miguu kwa dawa ya kuua viini.

Hapa ndipo linapoingia jambo tunalotaka kukueleza wiki hii. Katika majimbo ya Oregon na Washington, magharibi mwa Marekani, kuna watu wasio na makao ambao hawakungoja kujengewa magorofa. Walijipanga, wakadai kipande cha ardhi, wakajenga vijumba vidogo mno na kuviendesha wenyewe kama kijiji. Vingine sasa ni vyama vya ushirika kamili, vyenye wanachama na hisa.

Kilichotangulia kinaitwa Dignity Village, yaani Kijiji cha Heshima, katika jiji la Portland. Kilianza Desemba 2000 kwa mahema machache tu yaliyopigwa na watu waliokuwa wamechoka kufukuzwa kila uchao. Kila walipofukuzwa, walipakia virago kwenye vikokoteni vya madukani na kuandamana kwa mstari hadi mahali pengine, huku wenye magazeti wakiwapiga picha. Jiji liliona haya. Mwaka wa 2001 liliwapa nafasi katika uwanja wake ulioko karibu na uwanja wa ndege, kando ya mahali majani makavu ya jiji zima hurundikwa yageuke mboji. Mwaka wa 2004 baraza la jiji likakitambua rasmi kama kambi halali chini ya sheria ya jimbo hilo. Mahema yaliondoka polepole, vikaja vijumba vya mbao kuukuu, milango na madirisha yaliyotupwa na wengine. Hukaa humo watu wapatao 60.

Kanuni zake za msingi ni chache, na utashangaa jinsi zinavyofanana na za chama chochote cha akina mama hapa kwetu. Hakuna kupigana. Hakuna kuiba. Hakuna pombe wala dawa za kulevya kijijini na kando yake. Hakuna kuwasumbua wenzako kila mara. Na kila mkazi sharti afanye kazi ya kijiji. Viongozi huchaguliwa kwa kura na wakazi wenyewe, nao huchangishana ada ndogo kila mwezi. Anayevunja kanuni huitwa mbele ya wenzake, na anaweza kuambiwa aondoke.

Mji wa Eugene, ulio kusini mwa Portland, ulifuata kwa njia yake. Mwaka wa 2011, wakati maandamano ya kupinga mapengo kati ya matajiri na maskini yalipoenea Marekani, waandamanaji wa Eugene walipiga kambi, na wasio na makao wakajiunga nao. Kambi ilipovunjwa, swali likabaki: hawa waende wapi? Agosti 2013 kikafunguliwa Opportunity Village, kijiji chenye makao 30, kwenye ekari moja ya ardhi ya jiji iliyokodishwa kwa dola moja kwa mwaka. Andrew Heben, mmoja wa waliokianzisha, ni mtaalamu wa mipango ya miji aliyekuwa amezuru kambi nyingi za mahema na baadaye akaziandikia kitabu kiitwacho Tent City Urbanism.

Makao hayo ni madogo kupita unavyofikiri. Ukubwa wa kimoja ni kati ya futi mraba 60 na 80, yaani kama futi 8 kwa 10. Kumbuka kwamba chumba cha mabati kinachotufanya tuwasikitikie wakazi wa Kibera au Mukuru ni futi 10 kwa 10! Ndani kuna kitanda, rafu na nafasi ya kusimama. Kilipofunguliwa, vijumba havikuwa na bomba wala jiko ndani.

Basi siri iko wapi?

Siri iko nje ya kijumba. Kijiji kina jiko la pamoja, vyoo na bafu za pamoja, mashine ya kufulia, na hema kubwa la duara lenye kipasha joto ambamo wakazi huota moto, husoma na kufanyia mikutano yao ya kila wiki. Kuna lango, na wakazi hushika zamu ya kulilinda. Kijumba chenyewe kimeachiwa kazi moja tu ambayo hema na kambi ya umma haziwezi: kina mlango unaofungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa anayelala humo.

Ukilitazama kwa jicho la afya, jambo hili si dogo. Nyuma ya mlango huo dawa hazipotei. Viatu hukauka. Mwanamke hulala bila kuogopa kubakwa. Aliyekuwa akihama kila siku sasa ana anwani, hivyo muuguzi anajua pa kumpata kwa sindano ya pili, na mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kufuatiliwa amalize dozi badala ya kupotea katikati. Zaidi ya yote mtu hulala, na daktari yeyote atakuambia kwamba mwenye kisukari, kifafa, sonona au shinikizo la damu asiyelala hupewa dawa bure.

Linganisha na mabweni ya dharura ambayo miji mingi huyategemea. Humo watu kwa makumi hulala katika ukumbi mmoja, kitanda kando ya kitanda, huku akikohoa mmoja wote wakivuta hewa ile ile. Mara nyingi wanaume hutengwa na wanawake, kwa hiyo mke na mume hutenganishwa. Mbwa haruhusiwi. Mizigo ina kikomo. Asubuhi na mapema wote hutolewa nje, mvua inyeshe au theluji ianguke, warudi jioni kupanga foleni. Ndiyo maana wengi hukataa mabweni, na watu wa mji wakawaita wakaidi.

Dawa ya pili iliyomo katika vijiji hivi ni kazi na sauti. Aliyeishi miaka barabarani amezoea kuamriwa: ondoka, ngoja, jaza fomu hii, rudi Jumatatu. Kijijini anaulizwa maoni yake. Ana zamu ya langoni, ana kura, na usiku wa mkutano anaweza kusimama na kumpinga mwenyekiti. Wataalamu wa afya ya akili wamejua kwa muda mrefu kwamba upweke na kujiona hufai kitu huleta maradhi kama vile moshi na pombe. Mtu anayengojewa langoni saa kumi jioni hana budi kufika hapo akiwa timamu.

Lakini mikutano hiyo si harusi. Kuna ugomvi juu ya sufuria zisizooshwa, fitina za uchaguzi, na wale watatu wanaofanya kazi ya watu kumi. Kumfukuza mwenzako siku ya baridi, ukijua wazi anarudi chini ya daraja, ni mzigo mzito kwa mtu ambaye majuzi alikuwa huko huko. Vilevile kanuni ya kukataza ulevi, ambayo ndiyo huwapa wakazi amani, huwafungia nje baadhi ya wagonjwa zaidi. Yeyote anayekuambia kwamba kujitawala ni tiba ya kila mtu hajawahi kuwa mweka hazina wa chama.

Huko Olympia, mji mkuu wa jimbo la Washington, mambo yalichukua sura nyingine. Kambi iliyoitwa Camp Quixote ilianza Februari 2007 katika uwanja wa kuegesha magari. Ilipoondolewa, makanisa yakaipokea kwa zamu, na kwa miaka karibu saba wakazi walihama kutoka uwanja wa kanisa moja hadi jingine zaidi ya mara 20. Fikiria kuvunja na kuhamisha jiko, choo na hema lako mara 20! Siku ya mkesha wa Krismasi 2013 wakahamia Quixote Village, nyumba 30 za futi mraba 144 kila moja, kwenye ardhi ambayo serikali ya kaunti iliikodisha kwa dola moja kwa mwaka kwa miaka 41. Kila nyumba ina choo na beseni lake, na jengo la pamoja lina jiko kubwa, bafu na pa kufulia. Mkazi hulipa asilimia 30 ya mapato yake, akiwa nayo. Wenye biashara za jirani walipinga mradi huo hadi mahakamani kabla haujajengwa.

Quixote Village iligharimu takriban dola milioni 3 pamoja na ardhi, ilhali vijumba vya Eugene vilijengwa kwa mbao za misaada na nguvu za kujitolea kwa sehemu ndogo sana ya pesa hizo. Tofauti kubwa ni mabomba. Choo ndani ya kila nyumba kinahitaji mtaro wa majitaka, na mtaro una gharama. Kwa upande wa afya, mwandishi huyu anaona pesa hizo hazikupotea. Mzee mwenye tezi ya kibofu anayeamka mara nne usiku, au mama anayeharisha, hawezi kuambiwa avuke uwanja wenye barafu kufuata choo cha pamoja, kisha aitwe mtu aliyepata makao.

Eugene nao walilifahamu hilo. Shirika lililojenga Opportunity Village, ambalo leo linaitwa SquareOne Villages, lilijenga kijiji cha pili, Emerald Village, chenye nyumba 22 za kati ya futi mraba 160 na 288. Hizi zina choo, bafu na jiko dogo ndani. Na hiki ndicho kijiji ambacho mpenzi wa vyama vya ushirika atakifurahia zaidi. Mkazi si mpangaji wala si mgeni wa hisani. Ni mwanachama. Hulipa ada ya kila mwezi iliyo chini mno ya kodi za mji ule, na juu yake huweka dola 50 kila mwezi hadi hisa yake ifike dola 1,500. Akihama, hisa yake hurudishwa mkononi. Mtu aliyeingia na mfuko wa plastiki anaweza kutoka na akiba ya kuanzia maisha.

Wanaopinga vijiji hivi wana hoja, nasi hatutaificha. Wengine husema kwamba mji ukishazoea kuwapa maskini vijumba vya mbao, utasahau kujenga nyumba halisi. Wataalamu wanaotetea mpango wa "nyumba kwanza", ulioanzishwa New York mwaka wa 1992 na mwanasaikolojia Sam Tsemberis, hushikilia kwamba hata mgonjwa wa akili aliye barabarani apewe nyumba ya kawaida mara moja, bila kutakiwa kwanza aache ulevi, kisha huduma zimfuate huko. Kanada ilijaribu mpango huo katika miji mitano kati ya 2009 na 2013, ukihusisha watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba walidumu ndani yake kuliko wale walioachiwa huduma za kawaida. Ushahidi wa namna hiyo haujapatikana kwa vijumba. Isitoshe, Dignity Village iko mbali na katikati ya mji, kando ya mboji inayonuka na ndege zinazonguruma, na mahali palipoitwa pa muda pamekaliwa zaidi ya miaka 20. Na zidisha vijiji hivyo hata mara mia, bado vitapokea wachache tu kati ya watu 771,480.

Jibu la wakazi huwa fupi: nyumba hizo nzuri ziko wapi usiku wa leo? Foleni ya kungojea nyumba za serikali huko huchukua miaka, na sheria nazo zimekuwa kali. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass, ulio katika jimbo hilo hilo la Oregon, iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje mahali pa umma hata kama hawana pengine pa kwenda. Ukiwa umepigwa faini kwa kulala, kijumba cha futi 8 kwa 10 hakionekani kidogo.

Msomaji wa Nairobi hatakosa kukumbuka Kambi Moto, mtaani Huruma, palipoitwa hivyo kwa sababu ya mioto iliyokuwa ikiteketeza mabanda. Wakazi wa huko, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, waliweka akiba kidogo kidogo, wakakubaliana na Baraza la Jiji mwaka wa 2003, kisha wakagawana ardhi katika viwanja vya mita 4.5 kwa 4.5 ili pasiwe na anayeachwa nje, awe mwenye banda au mpangaji. Kwa kuwa uwanja ni mdogo walipanda juu, ghorofa juu ya ghorofa, na choo kikaingia ndani ya nyumba. Hali zao si sawa na za Oregon, lakini akili ni ile ile.

Kwa hiyo iwapo kanisa lako, chama chako au mwakilishi wa wadi yako ataleta wazo la vijumba kwa wasio na makao, usikimbilie kutazama urembo wa paa. Uliza kwanza habari za choo na maji: viko umbali gani, na nani atavisafisha. Uliza nafasi kati ya kijumba na kijumba, kwa maana mbao hushika moto upesi na mwanya mdogo huupitisha. Uliza namna ya kupasha joto na kupikia. Chumba kidogo kilichozibwa ndicho hatari kuliko vyote kwa jiko la makaa. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, nayo humuua aliyelala bila hata kumwamsha. Jiko libaki nje au katika jengo la pamoja, na kila kijumba kiwe na matundu ya hewa juu na chini, ambayo pia huzuia ukungu unaoleta pumu. Uliza umbali wa zahanati na nauli ya kufika huko.

Kisha uliza ardhi ni ya nani na imetolewa kwa miaka mingapi. Baada ya hayo, uliza kama wakazi watakuwa na kura, na kama mwenye mradi atabaki na ufunguo wa pili.